Maswali kwa Fundi: Je, gari la kwanza lilikuwa na matairi matatu?

SWALI: Shikamoo mzee. Naendesha bajaji Mwanjelwa–Uyole, huu mwaka wa tatu. Juzi dereva wa lori aliniambia chombo changu si gari, ni baiskeli iliyofunikwa turubai. Abiria wangu, mwalimu, akamjibu kwamba gari la kwanza duniani lilikuwa na matairi matatu. Ni kweli? Na kwa nini matatu?
– Dereva wa bajaji, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu kasema kweli.

Tarehe 29 Januari 1886 Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, ya gari la injini ya mafuta: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, injini nyuma ya kiti. Kabla yake, mwaka 1770, Mfaransa Cugnot alikwisha kuunda mkokoteni wa mvuke wa kukokota mizinga, nao wa magurudumu matatu. Upo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho Paris. Ila ule ulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na boila lake zito, tangi la kuchemshia maji, lilining'inia mbele ya gurudumu la usukani. Ukoo wa bajaji yako mimi nauanzia kwa Benz.

Kwa nini matatu? Ukikata kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo, la nje duara kubwa. Kama mbele una mawili, kila moja linataka pembe yake. Ukiyapa pembe moja, mojawapo litaburuzwa. Benz hakuridhika na namna za usukani zilizokuwepo siku hizo, akaweka gurudumu moja, kazi ikaisha. Mwaka 1893 ndipo alipopata hataza ya usukani wake wa magurudumu mawili ya mbele, akatoa gari la manne. Kwa hiyo matatu hayakuwa upungufu. Ni fundi aliyeona tatizo akalizunguka, na mimi namvulia kofia.

Injini yake ilikuwa ya silinda moja, ujazo wa cc 954, lakini nguvu zake hazikufika hata za farasi mmoja, kwa sababu ilizunguka polepole, mara 400 hivi kwa dakika. Bajaji yako ya cc 200 hivi inaiacha mbali. Injini ndogo zinazozunguka haraka zilivuma zaidi miaka ya 1890, Wafaransa De Dion na Bouton walipoanza kuuza baiskeli zao za magurudumu matatu zenye injini.

Lakini anayenigusa zaidi ni mke wa Benz, Bertha. Agosti 1888 aliondoka alfajiri bila kumwambia mumewe, akawachukua wanawe Eugen, miaka 15, na Richard, 13, wakaenda Pforzheim kwa mama yake. Ni zaidi ya kilomita 100, karibu sawa na kutoka hapa Mbeya mjini hadi Tunduma. Sheli hazikuwepo. Mafuta aliyanunua Wiesloch, kwenye duka la dawa, maana kimiminika kile watu walikitumia kuondoa madoa kwenye nguo. Maji ya kupoza injini yalichemka yakapotea hewani, ikawa kuongeza kila mara njiani. Mlimani watoto walishuka wakasukuma. Mteremkoni breki za mbao zikalika, akamwomba fundi viatu azigongelee ngozi. Bomba la mafuta lilipoziba, alichomoa pini ya kofia yake akalizibua.

Hapo kwenye pini husimama kila nikisimulia. Mwaka jana, wakati wa mvua, bajaji moja ilizimika kwenye kilima cha Mlima Nyoka, imebeba mama na magunia mawili ya viazi. Dereva alikuwa amejaza mafuta ya chupa barabarani, yana uchafu kama mchanga. Nilifungua kabureta pale pale kwenye matope, nikachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi mbovu, nikaupitisha kwenye tundu la jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, huku nikilielekeza juani mpaka nikaona nukta ya mwanga. Ikawaka kwenye jaribio la kwanza. Bertha alifanya kazi ile ile, na hakuwa na fundi wa kumwita.

Aliporudi alisema gari linahitaji gia nyingine, nyepesi, kwa ajili ya milima. Benz akaiongeza. Kila unaporudisha gia ukipanda, mkumbuke.

Jambo moja bado, ulipe uzito: gurudumu moja mbele linakata kona vizuri, ila chombo ni chepesi kupinduka. Ukishuka Mlima Nyoka na abiria watatu, punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri ukiwa ndani yake. Mizigo mizito iwe chini, katikati ya magurudumu ya nyuma.

Na huyo wa lori mwambie hivi: gari la Benz lilikuwa na difu, ili magurudumu mawili ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona. Lori lake linayo, na bajaji yako inayo. Ukipita Uyole ingia gereji, nina moja imefunguliwa mezani. Uzungushe kwa mkono uone.