Maswali ya Wasomaji: Muuzaji Mdogo katika Mnada wa Mtandaoni

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zimetoka kwa wasukaji, wachongaji na vijana wanaouza kazi za mikono katika masoko ya mnada ya mtandaoni. Tumechagua tano, na tumejibu kwa urefu zile zinazogusa wengi.

Mhariri, salaam. Mimi na kina mama wenzangu tunasuka vikapu vya ukindu na nyuzi za mgomba. Tuliuza viwili kwa mnunuzi aliyeko Marekani, tukavipeleka posta, na risiti tunayo. Baada ya majuma kadhaa mnunuzi alidai kuwa hakupokea kitu, na soko likamrudishia fedha zote kutoka katika akaunti yetu bila kutusikiliza. Je, hiyo ni haki?
*Mama wa vikapu, Jinja*

Pole sana, mama. Risiti mliyo nayo inathibitisha kwamba mzigo ulitoka mikononi mwenu, lakini soko huuliza jambo jingine kabisa, nalo ni kama mzigo ulifika kwenye anwani ya mnunuzi. Katika eBay, kwa mfano, mnunuzi ana siku 30, zikihesabiwa tangu tarehe ambayo mzigo ulitarajiwa kufika au ulifika kweli, za kulalamika kwamba hakupokea kitu au kwamba alichopokea si kile kilichotangazwa. Akishalalamika, muuzaji hupewa siku tatu za kazi kujibu. Siku hizo zikipita kimya, mnunuzi anaweza kuliomba soko liamue, na muuzaji asiye na uthibitisho wa kufika kwa mzigo hana cha kujitetea nacho.

Uthibitisho huo ni namba ya kufuatilia mzigo. Kifurushi kilichosajiliwa katika Posta Uganda, au kilichotumwa kwa EMS, yaani huduma ya posta ya haraka, hupewa namba yenye herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi UG mwishoni. Ile iliyosajiliwa huanza na R na ile ya EMS huanza na E. Kama risiti yenu haina namba ya namna hiyo, yamkini mlituma kwa njia ya kawaida isiyofuatiliwa, na njia hiyo, ijapokuwa ni nafuu, inamwachia muuzaji hatari yote. Andikeni namba hiyo katika kumbukumbu ya mauzo siku ile ile mnapotoka posta, na gharama ya usajili iingizeni katika bei ya usafirishaji. Mauzo ya mzigo mmoja yakifikia dola 750, eBay hudai pia saini ya mpokeaji. Kama namba mnayo na hamkuiwasilisha, iwasilisheni sasa, kwa maana eBay humruhusu muuzaji kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu shauri kufungwa.

Sasa niseme yale ninayoyaamini. Mnunuzi aliyelipa mtu asiyemjua anastahili kulindwa, na bila ulinzi huo hakuna mtu wa ng'ambo ambaye angethubutu kununua kikapu kutoka Jinja. Lakini siku tatu za kujibu ni kipimo cha muuzaji ambaye umeme wake haukatiki na intaneti yake haizimwi. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa, na muuzaji wa Uganda aliyekuwa na malalamiko mezani hakuwa na njia ya kuyajibu. Masoko haya yangeweza kabisa kusimamisha hesabu ya siku kwa nchi iliyozimiwa intaneti, na ni jukumu letu kuwadai hilo kwa sauti. Kwa sasa, mnapoona dalili za matatizo, tumieni mpangilio wa kuonyesha kwamba muuzaji hayupo, na tangazeni muda mrefu zaidi wa kuandaa mzigo, ili tarehe ya kufika isiwahi kupita kabla kifurushi hakijatoka Entebbe.

Ninauza mikoba ya lubugo, kitambaa cha gome la mti. Niliambiwa kwamba mnada ukianza kwa dola moja watu hukimbilia, nikafanya hivyo, na mkoba ukauzwa kwa dola nne. Rafiki yangu yuko tayari kupandisha dau kila ninapoweka mkoba mpya. Je, kuna ubaya?
*Kijana wa Mbale*

Ubaya upo, ndugu yangu, tena mkubwa. Dau linalowekwa na muuzaji mwenyewe, jamaa yake au rafiki yake kwa nia ya kupandisha bei ni udanganyifu unaokatazwa katika kila soko la mnada lenye heshima, na katika nchi kadhaa ni kosa la jinai. Usidhani kwamba umbali unakuficha: soko huona akaunti zinazotumia simu moja au mtandao mmoja, na huona pia akaunti ambayo daima huweka dau kwa muuzaji yule yule na haishindi kamwe. Adhabu huwa ni kufungiwa akaunti, na pamoja nayo hupotea sifa uliyoijenga kwa miaka.

Tatizo lako liko katika bei ya kuanzia. Dola moja humfaa muuzaji ambaye bidhaa yake inatafutwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja, kwa sababu ushindani wao ndio unaoifikisha bei mahali pake. Lubugo, ijapokuwa ufundi wa Baganda wa kuitengeneza kutokana na gome la mutuba umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu tangu mwaka 2008, haijulikani na wengi kiasi hicho, na pengine ni watu wawili tu watakaouona mkoba wako juma hilo. Anza mnada kwa bei ambayo hutajuta kuuzia. Hesabu gome, ushonaji, nauli ya kwenda posta na ada za soko, ukikumbuka kwamba ada ya mauzo ya eBay hukatwa kwenye jumla yote anayolipa mnunuzi, usafirishaji ukiwemo. Wengi husahau hilo, wakapata hasara katika mzigo mzito wanaodhani umeuzwa vizuri.

Angalia pia saa ya kufunga. Mnada wa eBay hufungwa saa ile ile ulipofunguliwa, na madau mengi hutolewa katika dakika za mwisho. Ukiufungua saa nne asubuhi kwa saa zetu, utafungwa wakati watu wa New York wamelala. Afadhali ufungwe saa mbili usiku ya kwao, siku ya Jumapili, ambayo kwetu ni saa tisa au saa kumi ya usiku wa kuamkia Jumatatu, kutegemea majira yao. Si lazima ukeshe, kwani tangazo linaweza kupangiwa saa ya kuanza mapema. Na mshindi asipolipa kwa siku nne, futa mauzo kwa sababu hiyo ya kutolipa, kisha uweke mkoba upya.

Mnunuzi mmoja alinitishia kwamba nisipomrudishia nusu ya fedha ataniandikia tathmini mbaya, kisha akaiandika kweli. Kwa nini mimi siwezi kumwandikia?
*Muuza shanga, Kampala*

Zamani ungeweza. Mwezi Mei 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi tathmini mbaya, kwa hoja kwamba wanunuzi waliogopa kusema kweli kwa kuhofia kulipiziwa kisasi. Hoja hiyo ina uzito, ila imemwacha muuzaji mdogo akiwa na silaha chache, maana kwa mwenye mauzo elfu kumi nyota moja si kitu, lakini kwa mwenye mauzo kumi na mawili huweza kufunga duka. Hata hivyo vitisho vya namna hiyo vinakatazwa. Kama alikutishia ndani ya mfumo wa ujumbe wa soko lenyewe, ripoti ujumbe huo na uombe tathmini iondolewe. Kama alikutishia kwa WhatsApp, soko halitauona. Kwa sababu hiyo mazungumzo yote na mnunuzi, hata ya kusalimiana, yabaki ndani ya soko, na malipo vilevile, kwa kuwa anayekubali kulipwa pembeni kwa pesa za simu huwa amejitoa mwenyewe katika ulinzi wowote.

Marehemu babu aliniachia bangili ya pembe ya ndovu. Naweza kuiuza mnadani?
*Msomaji, Arua*

Hapana, mwanangu, wala usiitangaze popote. eBay ilipiga marufuku pembe za ndovu kuanzia Januari 2009, lakini jambo zito zaidi liko hapa nyumbani: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Wasiliana na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda wakuelekeze.

Mnunuzi wa Marekani ananiomba niandike kwenye fomu ya forodha kwamba mkeka ni zawadi. Na mwingine wa Ujerumani anaona tangazo langu limefichwa. Nifanye nini?
*Muuza mikeka, Busia*

La kwanza, kataa kwa adabu. Kilichouzwa si zawadi, na saini iliyo chini ya fomu hiyo ni yako. Ninaelewa kwa nini anaomba: tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeusimamisha msamaha ulioruhusu mizigo isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na mnunuzi aliyezoea kutolipa kitu hushtuka anapodaiwa. Mweleze gharama hiyo ndani ya tangazo lenyewe, kabla hajaweka dau, kwa maneno mepesi.

La Ujerumani lina sababu yake pia. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa inataka karibu kila bidhaa isiyo chakula iwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja huo inayowajibika kwa usalama wake, na jina na anwani yake vionekane katika tangazo. Masoko mengi huyaficha matangazo yasiyotimiza sharti hilo. Kampuni zinazotoa huduma hiyo kwa malipo zipo, lakini kwa mtu anayeuza mikeka michache kwa mwezi malipo hayo yatameza faida yote, na sikushauri uyaingie peke yako. Kama wasukaji wa Busia mna chama, ulizieni gharama hiyo kwa jina la chama na mgawane. Kama hakuna chama, mtafute mfanyabiashara wa huko anayeagiza kazi za mikono, umuuzie mikeka kwa jumla, na yeye awe mwagizaji anayewajibika. Bei ya mkeka mmoja itashuka, lakini fedha utazipata kwa wakati mmoja, na malalamiko ya wateja wa rejareja yatajibiwa na yeye.