Apgar ilipanda mpaka 7, mbona mtoto kalegea?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mkunga, kituo cha afya huku Makete. Mama mimba ya kwanza, alisukuma muda mrefu, mtoto katoka amechoka, alama ya Apgar 3 kati ya 10 dakika ya kwanza, nikambagi kwa ambu, kile kifuko cha kumpulizia hewa, dakika ya tano ikafika 7 nikashukuru Mungu. Sasa ana masaa 10, hanyonyi, kalegea, mara anachezesha mdomo kama anatafuna. Nitajuaje kama ubongo umeguswa?

Jibu: Marahaba dada. Kwanza hongera, bila hiyo ambu tungekuwa tunaongea mengine. Ila Apgar isikudanganye, ile inakwambia mtoto kaitikiaje dakika zile za mwanzo basi, haijawahi kuwa kipimo cha ubongo. Ubongo uliokosa oksijeni unaweza kutulia masaa kadhaa alafu ndo mambo yanaanza, na degedege nyingi zinatokea ndani ya masaa 24 ya kwanza, kwahiyo hayo masaa 10 yako ndo penyewe.

Kabla hujasema ubongo, pima sukari na joto. Huko kwenu baridi si ya mchezo, mtoto aliyepoa analegea na hanyonyi vilevile, na sukari ikiwa chini ya 2.6 mmol/L inaleta hadi degedege, hapo unampa D10, yale maji ya sukari ya asilimia 10, mili 2 kwa kila kilo kwenye mshipa alafu unarudia kupima. Maambukizi nayo yanafanana hivyohivyo, usiyasahau.

Ukishamaliza hapo chukua skoo ya Thompson, ya kupima ubongo umeguswa kiasi gani, ilitoka Cape Town 1997 na uzuri wake haitaki mashine, ni macho na mikono yako tu. Vitu 9: ulegevu, fahamu, degedege, mkao, kushtuka, kushika, kunyonya, kupumua na utosi. Unampa kidole kisafi anyonye, unaweka kingine kiganjani uone kama anashika, unamnyanyua kichwa kidogo unakishusha ghafla kwenye mkono wako uone mikono inafunguka au la, utosi unagusa akiwa ametulia sio analia. Kila kimoja unakipa alama, kibaya zaidi alama nyingi zaidi, jumla ya juu kabisa ni 22. Mpaka 10 tunahesabu ni kidogo, 11 mpaka 14 wastani, 15 kwenda juu ni kali. Lakini namba moja ya leo haina maana sana, rudia kila siku uone inapanda au inashuka, kwa kawaida inapanda mpaka siku ya 3 au 4 hivi, na yule anayerudi sifuri kabla ya siku ya 7 mara nyingi anakuwa vizuri, hiyo mwambie mama, asikae anawaza tu.

Huo mdomo wa kutafuna ndo unanitia wasiwasi. Degedege ya kichanga sio lazima arushe mwili mzima, inaweza kuwa kutafuna, macho kukodoa upande mmoja, miguu kama anaendesha baiskeli, au kuacha kupumua ghafla. Kama ni kutetemeka, shika ule mguu, ukitulia hiyo sio degedege. Usipotulia, na sukari iko sawa, mpe fenobabito, dawa ya degedege, miligramu 20 kwa kilo, polepole, ambu iwe karibu.

Alafu kuna watu wamesikia habari za kumpoza mtoto ili kuokoa ubongo wanafikiri ukimwacha bila blanketi umemtibu. Hapana jamani! Kule kunafanyika ndani ya masaa 6, kwa mashine, masaa 72, na utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh uliotoka 2021 ulionyesha waliopozwa walikufa zaidi. Wewe mpe joto la kawaida, asipoe na asichemke.

Huyu wako mpe rufaa leo, usisubiri kesho. Asafiri kifuani kwa mama, kangaruu, kofia kichwani. Karatasi ya skoo iende naye, na ile saa uliyompa fenobabito iandike juu kabisa kwa herufi kubwa, maana dawa yenyewe inalegeza na atakayempokea anaweza kudhani ni ubongo.