Maswali ya wasomaji: Propela ya ndege, kujisokota kwake, pembe yake na kile kidonda kidogo kwenye ukingo

SWALI: Naomba kueleweshwa fundi. Nikiangalia propela ya ndege kwa karibu naona kila panga limesokotwa, pale kwenye kitovu limesimama alafu kuelekea nchani linazidi kulala. Si wangeliacha tu limenyooka wapunguze kazi?

JIBU: Umeuliza la msingi ndugu yangu, ukilielewa hili mengine yanakuja yenyewe. Panga la propela ni bawa, tena bawa kamili, upande wa mbele una mgongo uliovimba na upande wa nyuma uko bapa au karibu na bapa, ila lenyewe badala ya kwenda moja kwa moja linazungushwa. Wilbur na Orville Wright walilipata hili walipokuwa wanatafuta propela ya ndege yao ya 1903, walitegemea kukuta hesabu tayari kwa watu wa meli wakakuta hamna, ikabidi wakae wabishane na kupiga hesabu wenyewe, na propela walizochonga kwa mbao zikaweza kugeuza zaidi ya asilimia 70 ya nguvu zilizopewa kuwa msukumo. Mimi kazi ile naiheshimu kuliko hata ndege yenyewe.

Sasa kuhusu kusokotwa. Chukua propela yenye upana wa mita 1.9 ncha hadi ncha, inazunguka mara 2,700 kwa dakika. Ncha inakimbia karibu mita 268 kwa sekunde, nusu ya panga inakimbia mita 134 tu, na ukizidi kusogea kwenye kitovu kasi inazidi kushuka, wakati huohuo ndege nzima inaenda mbele kwa spidi moja ileile, kwahiyo kila sehemu ya panga inakutana na hewa ikitokea upande tofauti. Panga lingenyooka, ukilitega vizuri kwa ajili ya ncha basi karibu na kitovu halivuti kitu, linapoteza nguvu tu, na ukilitega kwa ajili ya huku ndani ncha inazidisha pembe hadi hewa inashindwa kufuata mgongo inabanduka. Ndio maana wanalisokota, ili kila sehemu ipate pembe inayoistahili.

Hapohapo unapata jibu kwanini hawaongezi tu urefu wakitaka nguvu zaidi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, ncha ikikaribia hapo kelele inakuwa kubwa na nguvu inapotea bure. Injini ikiwa kubwa wanaongeza idadi ya mapanga na kuizungusha propela polepole, ATR 72-500 ina mapanga sita kila upande na Airbus A400M ina manane, propela yake ina upana wa mita 5.3 hivi.

SWALI: Kuna ndege zina leva ya bluu pembeni ya leva ya nguvu, nasikia ni ya propela. Inafanya nini hasa?

JIBU: Hiyo inaamua propela izunguke mara ngapi kwa dakika. Propela yenye pembe isiyobadilika ni kama gari lenye gia moja: ukiitega kwa ajili ya kupaa, pembe ndogo, basi ukiwa juu unaenda kasi injini inakimbia bure, ukiitega kwa ajili ya safari, pembe kubwa, basi kwenye kupaa injini inalemewa na njia ya kurukia inakuwa haitoshi. Suluhisho likawa mapanga yanayojigeuza ndani ya kitovu. Frank Caldwell wa kampuni ya propela ya Hamilton Standard alipata tuzo ya Collier ya 1933, tuzo ya Marekani ya mambo ya anga, kwa propela ya namna hiyo, na Boeing 247 ilikuwa mojawapo ya ndege za abiria za kwanza kufaidika. Mwanzoni zilikuwa na pembe mbili tu, ya kupaa na ya safari, baadae ndio ikaja ya kujirekebisha yenyewe.

Anayerekebisha ni gavana, na kwakweli ni kifaa ninachokipenda sana. Ndani kuna vyuma vidogo viwili vinazungushwa na injini, juu yake springi inayokazwa au kulegezwa na ile leva ya bluu. Injini ikizidi mizunguko uliyopanga, vyuma vinatanuka nje, vinanyanyua vali, oili ya injini iliyoongezwa presha na pampu ya gavana inaingia kwenye silinda ya kitovu, pistoni inasukumwa, mapanga yanaongeza pembe, yanakula hewa zaidi, injini inalemewa kidogo na kurudi palepale. Ikipungua mizunguko springi inashinda, oili inatoka, pembe inapungua. Hii inafanyika mfululizo safari nzima na hakuna umeme wala kompyuta inayohitajika.

SWALI: Je oili ikikata ndege iko angani?

JIBU: Inategemea injini ni ngapi. Ndege nyingi ndogo za injini moja zimetengenezwa hivi, oili ikipotea mapanga yanarudi kwenye pembe ndogo, ili injini maadam bado inazunguka iweze kutoa nguvu za kukufikisha mahali. Zenye injini mbili ni kinyume, oili ndio inashikilia pembe ndogo, ikipotea springi na vizito vilivyo kwenye mashina ya mapanga vinayageuza mpaka ukingo uelekee mbele kabisa, fedaringi hiyo, maana panga lililosimama bapa mbele ya hewa lingevuta ndege upande mmoja vibaya sana.

SWALI: Mbao, aluminiamu, kaboni, ipi bora? Na kidonda kidogo cha kokoto kwenye ukingo ni cha kuhangaikia?

JIBU: Naanza na la pili maana ndio linaua watu. Panga la kilo 4 ambalo uzito wake uko kama sentimita 40 kutoka katikati, likizunguka mara 2,700 kwa dakika linajivuta kutoka nje kwa nguvu sawa na tani 13 hivi, na juu ya hapo linatetemeka kila injini inapopiga. Kwenye aluminiamu kile kidonda kinakusanya mkazo wote sehemu moja, ufa unaanza, unatembea kimyakimya, siku moja ncha inaruka, na propela iliyopoteza ncha inaweza kung'oa injini yote kwenye fremu yake. Agosti 21, 1995 nchini Marekani, Embraer 120 ya Atlantic Southeast Airlines ilikatikiwa na panga angani, wakakuta ufa umeanzia kwenye vishimo vya kutu ndani ya panga, na panga lenyewe lilikuwa limeshawahi kutolewa kukaguliwa likarudishwa kazini.

Mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka hazichoki namna hiyo na zinameza mtetemo vizuri, ila unyevu unaziharibia balansi. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu, ukingo unawekewa nikeli kuzuia mchanga, lakini zikipigwa tabaka zinaweza kuachana ndani bila kuonekana. Kwa ndege kubwa kaboni imeshinda, kwa ndege ndogo inayofanya kazi kila siku mimi bado ningechukua aluminiamu, mradi anayeitunza hana uvivu.

Kwahiyo kabla ya safari pitisha macho na kidole ukingo mzima, magneto za injini, zile zinazotoa cheche za kuwasha, zikiwa zimezimwa na bado ukiamini injini inaweza kuwaka. Ukikuta kidonda usichukue tupa mwenyewe, mwite fundi mwenye leseni, yeye anakilainisha kwa vipimo vya mtengenezaji, na kikizidi vipimo hivyo panga linashushwa.