Kabla Hujashika Maiki Katika Mji Wenye Habari Mbaya

Wadogo zangu, hasa nyinyi mliopanda Nissan kwenda magharibi ile wiki ya Juni 2024 Bunge lilipovamiwa na vijana waandamanaji wa Gen Z pale Nairobi: video zenu niliziona zote. Hapa mnacheza ndani ya gari, hapa mnamcheka mpiga drams aliyelala mdomo wazi, hapa mnaonyesha kibao cha mji mliofika na saa ya kupanda jukwaani. Simu hizohizo zilikuwa zimejaa picha za vijana wa rika lenu waliopigwa risasi. Kucheza hakukuniudhi, kwa sababu safari ni ndefu na mwanamuziki asiyecheza garini ana ugonjwa. Kilichoninyima usingizi ni alichofanya rapa wenu, yule wa kuchangamsha watu kwa maiki, jukwaani Jumamosi yake: kuwaita watu wajitaje kwa makundi yao. Nilikifanya mimi mwaka 2007, karibu kwa maneno yaleyale, na nilidhani kizazi chenu kingezaliwa kikijua.

Basi nisikilizeni. Mambo ya kujaribu mitambo na kufunga vyombo mnayajua, hayo siyarudii.

1. Ulizeni habari za mji mnaokwenda, tena muulize mtu asiye na faida na kuja kwenu. Mwenye ukumbi ameshajaza bia kwenye friji. Promota ameshapokea pesa za mabango. Wote wawili watawaambia "huku kumetulia kabisa", na pengine wanaamini. Mpigieni mama wa hoteli mnakokula kila mkipita, au kijana wa kituo cha mafuta. Pale Salgaa wanapolala madereva wa malori, utapata habari za Timboroa na Burnt Forest kule mbele kabla hazijafika studio yoyote ya redio.

2. Jazeni tangi Nakuru, pesa taslimu ziwe mifuko tofauti, na simu moja izimwe ikiwa imejaa chaji. Barabara ya kwenda Eldoret ikifungwa huko juu, si Eldoret peke yake inayoumia: Januari 2008 petroli iliadimika mpaka Uganda na Rwanda.

3. Msiite watu kwa kwao.

Mnajua ninachosema. Sebene, ile sehemu ya kuchezea, imekolea, solo inalia, rapa anaanza: "Wa Nyeri wapi? Wa Kisumu wapi? Kakamega mpo? Machakos mpo?" Kila upande unapiga kelele kuushinda mwingine, watu wanapanda kututunza, noti zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso. Siku ya kawaida ni furaha tupu, na nimelipa karo za watoto kwa mchezo huo.

Mwaka 2007 uchaguzi ulikuwa Alhamisi, Desemba 27. Sisi tulikuwa na maonyesho ya mwaka mpya Bonde la Ufa, na Desemba ndiyo shamba letu, asiyevuna hapo atakula nini Februari? Jumapili jioni, tarehe 30, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akatangaza matokeo yaliyopingwa, Mwai Kibaki akaapishwa kuwa rais Ikulu giza likiingia, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tulikuwa barabarani. Kuanzia hapo habari zilikuja kwa SMS, za kweli na za uzushi zikiwa zimevaa nguo moja, na kadi za simu zikaanza kuuzwa kwa bei ya kukomoa. Gari letu lilikuwa na Waluo, Wakikuyu, Mluhya, Mkamba, na mpiga tumba wetu ambaye wazazi wake walitoka Kasai lakini yeye alizaliwa Likasi, kule Katanga. Familia yake ilifukuzwa Likasi mwaka 1992, wakati Wakasai walipoambiwa warudi kwao, na wengi wao walikaa wiki nyingi stesheni wakingoja treni.

Jumatatu mchana, tarehe 31, huyu mtu akanivuta kando nyuma ya gari. "Shefu," akaniambia, "hii naijua. Inaanzaga hivi. Leo tupige ala tupu, mtu asiongee kwa mikro." Nikamjibu kwamba watu wamelipa kiingilio cha mwaka mpya na wanataka kusikia mwaka mpya. Ukweli ni kwamba pesa ya awali tulishaigawana, fungu langu nilishalituma nyumbani, na niliogopa kudaiwa. Mji siutaji, kwa sababu mwenye ukumbi bado anafanya biashara na kosa halikuwa lake.

Tukapiga. Ukumbi haukujaa, na nilipaswa kuliona hilo. Meza za mbele zilikuwa na wanaume watupu, wamekaa na chupa, hawachezi. Nilipaswa kuliona na hilo pia. Ulipofika wimbo wa nne nikaona mambo yamepoa, nikafanya nilichozoea. Nikaita wa kwanza. Meza za mbele zikanguruma, na mlio ule haukuwa wa furaha ya muziki. Nikaendelea. Nikaita Kisumu.

Kwenye kona karibu na mlango wa jikoni walikaa mume na mke na vijana wawili. Yule mama, kwa mazoea tu, kama alivyofanya Desemba zote kabla ya hiyo, aliinua mkono. Mumewe akaushusha. Niliona anavyoushusha, niliona na uso wake, na bado mdomo wangu ukasema kwenye maiki, mbele ya ukumbi mzima: "Nimeuona mkono pale kona! Mama, usiogope, simama tukuone!"

Kila kichwa kiligeuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Besi yangu ilinyamaza yenyewe, vidole havikupata pa kwenda. Mpiga tumba akaanza kupiga kwa nguvu zake zote, peke yake, akiyafunika maneno ambayo yalishasikika. Wanaume wa mbele walikuwa wameinuka. Chupa moja ilipasuka ukutani juu ya ile meza. Aliyewaokoa ni mhudumu, binti ambaye hata miaka ishirini sidhani alikuwa nayo: alifungua mlango wa jikoni, akawasukuma wote wanne ndani, akafunga na kusimama mbele ya mlango huo na trei mkononi. Yeye alisimama. Mimi niliyekuwa na kipaza sauti, niliyeweza kusema neno lolote lisikike mpaka barabarani, sikusema kitu.

Tulifunga vyombo kabla ya saa sita. Asubuhi yake, Januari mosi, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wa Kiambaa walikuwa Wakikuyu; wa kona yangu walikuwa Waluo; mji kwa mji aliyewindwa alibadilika, na ndiyo maana hakuna jina la kabila lililokuwa salama kulitaja kwa kelele mahali popote katika barabara ile. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza vurugu zile, ilihesabu waliokufa 1,133. Kila nikiiona hesabu hiyo huwa nawatafuta wale wanne.

Hawamo. Baada ya Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga kutia saini makubaliano ya kugawana madaraka Februari 28, na barabara kufunguka, nilirudi pale ukumbini. Yule binti alinieleza: usiku ule walilala kituo cha polisi, baadaye wakapakiwa lori kwenda kwao upande wa Ahero. Baba alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule za mji ule kwa miaka mingi. Cherehani zake zote ziliibwa. Nikapata njia ya kumfikia, nikaenda. Mama hakutoka nje. Mzee alinikaribisha kiti chini ya mti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama usiku ule tulilipwa. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniuliza habari za barabara.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimpigia rapa wenu saa saba za usiku. Najua aliita "Gen Z mko wapi, na polisi mko wapi" akidhani makabila hayamo, kwa hiyo hakuna ubaya. Ukumbini kulikuwa na mke wa polisi, na kulikuwa na kijana aliyetoka kuzika. Mnawaamuru watu wajitambulishe gizani mbele ya wageni wasiowajua! Waimbieni. Wakitaka kujitaja, watajitaja wenyewe wakiwa wamelala vizuri, siku nyingine.

Na someni kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi wa Rwanda, mahakama iliyomhukumu ilikaa hapa Arusha. Desemba 2008 alipewa miaka 15 jela. Nyimbo zake zilijadiliwa sana katika kesi ile, lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti akiwa garini, barabara ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, akiwachochea watu waue. Yule alikusudia. Mimi sikukusudia, nanyi hamkukusudia. Lakini mtu wa kona hana namna ya kujua ulikusudia nini, yeye anaona vichwa vinageuka.

4. Kwenye kizuizi, anaongea mmoja. Mchagueni kabla hamjaondoka, awe mpole, asiwe amekunywa, na asiwe mtu wa kujua kila kitu. Mfuko wa gita na sanduku la kinanda vina umbo la kutisha kwa askari mwenye wasiwasi: semeni ni nini kabla hajauliza, mfungue taratibu, na yeye akiwa anaangalia. Vijana wa mawe na mapanga ni habari nyingine. Mwaka ule walikuwa wanadai vitambulisho, wasome jina la baba, halafu wanakusalimu kwa lugha yao wasikie utakavyojibu. Sisi tulikuwa tumepatana garini kwamba hakuna anayeshuka peke yake na hakuna anayepita akimwacha mwenzake. Walipotuambia wenye majina fulani wapite na wengine washuke, dereva alirudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye lami pana, akageuza. Tulilala kituo cha mafuta mpaka ulipopatikana msafara wenye polisi. Tulikula biskuti na soda, na mpiga drams akamaliza biskuti za wote akisema ni hofu. Tulimsamehe, naye ananiruhusu kuisimulia.

5. Nguo za jeshi za jukwaani ziacheni nyumbani. Kenya na Uganda zote zinaweza kukufikisha mahakamani hata siku ya amani.

6. Wimbo wowote mliomwimbia mwanasiasa, hata kama ndio unaoombwa zaidi, hauingii kwenye orodha mpaka nchi itulie.

7. Mwenzenu akipigiwa simu kutoka kwao, msimpandishe jukwaani kwa sababu "muziki utamfariji". Mpiga kinanda wetu aliambiwa nyumba ya kaka yake imeungua, nusu saa kabla ya awamu ya pili katika onyesho jingine mwezi ule. Alitaka kupiga. Nikamwambia akae na mwimbaji wetu wa kike nje, wapige simu mpaka wampate kaka. Tulipiga bila kinanda, ikasikika imepwaya, hakuna aliyekufa kwa kupwaya. Kaka alipatikana kesho yake Nakuru, uwanja wa maonyesho ya kilimo, walikokuwa wamekusanyika waliokimbia makwao. Kama angekuwa amepanda jukwaani, simu yake ingekuwa imezimwa ndani ya mfuko wa gita.

8. Video za maiti hazitumwi kwenye kundi la bendi. Mahali mlipo hapatangazwi mpaka mmeshaondoka.

9. Andikeni kwenye mkataba kwamba vurugu zikitokea tarehe inasogezwa na pesa ya awali hairudishwi papo hapo. Promota mzuri hakatai. Mkiwa na kipengele hicho, kiongozi wenu hatapanda jukwaani kwa kuogopa deni kama nilivyopanda mimi. Mkipata chochote, mlipeni dereva kwanza, yeye ndiye aliyekuwa macho.

Nimesikia mnakwenda Eldoret mwisho wa mwezi, halafu Kitale. Rapa aje kwangu Alhamisi na orodha ya nyimbo pamoja na yote anayotaka kusema katikati yake, yameandikwa. Tutayapitia moja moja. Chakula kitakuwepo, na mpiga drams aje pia.