Hema Saadani: tazama mvua na mwezi kabla ya kupanga safari

Swali lilikuwa hili: familia inataka kulala kwenye hema siku mbili Hifadhi ya Saadani, pwani ya Tanzania, mwishoni mwa Aprili, kwa gari dogo la chini. Inawezekana?

Kwa Aprili, hapana. Sogezeni safari hadi Julai au Agosti, au msubiri Januari na Februari. Tatizo ni udongo mweusi wa mfinyanzi uliotanda sehemu kubwa ya hifadhi. Ukikauka unapasuka nyufa na kuwa mgumu. Masika ikishuka unageuka ulimbo. Unajaa kwenye meno ya tairi hadi tairi linakuwa laini kabisa, na hapo hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linateleza kwenda pembeni. Kupunguza upepo wa tairi hadi psi 18 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji) ni dawa ya mchanga tu, na lazima mbebe pampu ya kujazia. Kwenye tope jeusi hakusaidii. Kiangazi, mkipitia Chalinze na Mandera, njooni na gari lililonyanyuka.

Sasa hema. Wengi hufika saa nne au saa tano asubuhi, wanakuta ufuo mpana mweupe na kusimika karibu na maji. Kama ni siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mpevu, hapo ndipo mnapojidanganya: pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, jioni na tena alfajiri, watu wakiwa usingizini. Tafuteni mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko yote, kisha mpande zaidi ya hapo. Maji mafu, siku za nusu mwezi ambapo bahari haijai sana, yana unafuu, lakini kila siku kujaa kunachelewa kama dakika 50, kwa hiyo someni jedwali la maji kujaa na kupwa kwa tarehe zenu.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jazeni mchanga kwenye viroba vidogo, fungeni kamba katikati, mvifukie sentimita 40 kwenda chini na kushindilia kwa miguu. Miezi ya kusi, mlango uelekee kaskazini.

Mkichagua kambi ya mto Wami badala ya ufukweni, angalieni njia za viboko: mifereji iliyokanyagwa ikipanda kutoka majini. Usiku wanapita hapohapo kwenda malishoni. Hema lisikaribie.

Upande wa Madete, ufuo ulio ndani ya hifadhi, kasa wa kijani hutaga. Tochi nyeupe humrudisha mama baharini kabla hajataga, na vitoto hufuata mwanga badala ya bahari. Zimeni taa zinazoelekea ufuoni, nawasihi sana.

Maji ya kunywa na kupikia bebeni lita 5 kwa mtu kwa siku. Chakula kilale ndani ya gari, maana nyani hufungua zipu. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani: mbung'o huzifuata, na huuma kupitia kitambaa chepesi.