Chakoli nyeupe: kwa nini watu unaowachora wanatoka wamepauka

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua vijiti vya chakoli nyeupe (chakoli ni charcoal, mkaa wa kuchorea) ukaanza kumchora mama yako kwenye karatasi ya kaki, ukiiweka juu ya penseli hiyo nyeupe yako haishiki inateleza tu, ukiichanganya na chakoli nyeusi inatoka kijivu cha bluubluu "kama maiti" (maneno yako hayo sio yangu), halafu mama mwenyewe alivyoiona akauliza mbona umenipaka unga. Nimecheka, ila sikucheki wewe, mimi hilo la unga niliambiwa na mteja ambaye alishalipa advansi, kwahiyo ngoja niandike kwa kirefu maana hiki kitu kilinitesa karibu mwaka mzima.

Kwanza hicho kijiti cheupe sio mkaa. Chakoli nyeusi ndio mti uliounguzwa, vile vijiti vyembamba vyepesi ni vitawi vilivyochomwa bila kupata hewa, na ile nzito nyeusi tii ni unga wa mkaa umegandishwa na gundi. Nyeupe haina kitu kilichoungua humo ndani, ni unga mweupe, jamii ya chokaa au titani dioksidi, umetiwa gundi kidogo ukakandamizwa ukawa kijiti. Wameiita chakoli kwa sababu inafanya kazi pamoja na nyeusi na inashika karatasi vilevile kikavu. Na usije ukaenda mtandaoni ukaandika mkaa mweupe ukaagiza, utaletewa binchotan ya Wajapani, huo ni mkaa kweli, wa kuchomea nyama na samaki, ukiugonga unalia kama chuma, na wala sio mweupe, ni majivu tu yanaupa ile rangi kwa nje.

Sasa kwa nini inateleza juu ya penseli. Penseli ni grafaiti, na grafaiti ni kitu cha utelezi, ndio maana mafundi wanaweka unga wake kwenye kitasa kilichokaza. Ukishedi na penseli laini ya 4B ukasugua na tishu mpaka karatasi inang'aa, umeziba vile vijishimo vyote vya karatasi na kitu cha utelezi, halafu unataka unga mkavu ushike hapo juu, utashika wapi? Hamna dawa ya hilo. Kama kazi ni ya penseli basi sehemu ya nyeupe iache tupu kabisa tangu mwanzo, usiiguse na penseli hata kidogo, nyeupe ikae kwenye karatasi safi. Mimi siku hizi nikishaamua kutumia nyeupe naiweka penseli kabati, nachora na chakoli nyeusi tu, hata ile ramani ya mwanzo naifanya na kijiti chembamba chepesi ambacho nikipangusa na kitambaa kinatoka.

Hiyo bluu inatokana na kuchanganya. Kijivu cha nyeusi na nyeupe chenyewe ni baridi, yaani kinaelekea bluu, na ukikiweka katikati ya karatasi ya kahawia jicho linakisukuma kizidi kuwa bluu. Toa kile kijivu ukaweke kwenye karatasi nyeupe utashangaa, bluu yote imepungua. Dawa ni kutozikutanisha. Nyeusi iishie hapa, nyeupe ianzie kule, katikati uache karatasi yenyewe ipumue, hiyo ndio toni yako ya kati, kati ya kivuli na mwanga, na umeipata bure dukani. Hili sio jambo jipya, Wazungu wa zamani walikuwa wanachorea karatasi ya bluu kwa ajili hiyohiyo. Itafute ile mikono inayosali ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer ya 1508, ipo Vienna kwenye makumbusho ya Albertina, ikuze kwenye simu uangalie vidole. Nyeupe pale haikusuguliwa, ni vimistari vyembamba vya brashi vinafuata mviringo wa kidole, na kati ya mstari na mstari bluu ya karatasi inaonekana. Mtu amechora mikono miwili nusu yake haijaguswa.

Ila hapo ndipo na mimi nilipopotea, na nadhani na wewe umepotea hapohapo, kwa sababu unajifunza YouTube. Video nyingi mtu anachorwa ni mweupe. Ngozi ya mtu mweupe kwenye karatasi ya kaki, upande wote wa mwanga una weupe kuliko karatasi, kwahiyo mchoraji anapaka nyeupe shavu zima, paji zima, na inakaa sawa. Wewe unamchora mama yako wa Kiafrika mwenye rangi yake, kwenye kaki ileile, na mara nyingi kaki ina rangi nyepesi kuliko ngozi yake! Yaani karatasi tupu tayari ni sehemu ya mwanga. Ukija tena na nyeupe juu ya shavu lote umempaka unga, mama hajakosea hata kidogo.

Iangalie hivi. Mtu akitoka kuoga hajapaka mafuta, ngozi imepauka, weupe wake umetapakaa, ni mpana, hauna mwisho unaoeleweka. Akipaka mafuta weupe wote ule unakusanyika sehemu ndogo, kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua, juu ya nyusi, mdomo wa chini, unakuwa mdogo lakini mkali wenye kingo, na pembeni yake ngozi inakuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa. Ngozi ni ileile, mwanga uleule. Sasa kijiti chako ukikilaza ubavu ukasugua unachora mpauko, kila siku, hata ufanyeje. Ukikisimamisha ukagusa mara moja kwa nguvu ukaacha, unachora mafuta. Nilivyolielewa hili kazi zangu zilibadilika ndani ya wiki moja, hakuna kozi iliyonifundisha, nilimwangalia tu dada wa saluni jirani yangu alivyokuwa anampaka mtoto mafuta usoni barazani, nusu ya uso imeshapakwa nusu bado.

Kwahiyo kwa ngozi nyeusi tafuta karatasi ya rangi nzito kidogo, manila ya kijivu iliyokolea au ya kahawia, zipo steshenari nyingi tu, chagua isiyo na utelezi, pitisha kidole ukisikia inakwaruza kidogo hiyo ndiyo. Ukipata hela zipo pedi za Strathmore zinaitwa Toned, za kijivu na za kahawia, nzuri lakini kwangu hata hizo nyepesi bado, inabidi nizipake kwanza vumbi la chakoli nyeusi karatasi nzima kwa pamba, nipanguse, ndio nianze. Kaki ya bahasha fanyia mazoezi tu usimuuzie mtu, inakaa kidogo inabadilika rangi na kukatikakatika.

Niwaambie na la kanzu maana ndio kosa la pili kwa ukubwa. Mteja aliniletea picha ya marehemu baba yake, mzee amekaa dirishani kwa ubavu, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, anataka itundikwe siku ya arobaini. Mimi na kijiti changu kipya nikaona hii ndio kazi yake, kanzu nyeupe, kijiti cheupe, nikaijaza kanzu yote kuanzia begani mpaka chini, nimemaliza nusu kijiti. Nikarudi nyuma kuangalia, kanzu imetoka mbele inakupiga machoni, mzee amebaki nyuma kama kichwa kimewekwa juu ya friji. Macho yamekufa, kale kadoa ka mwanga kwenye jicho hakaonekani tena kwa sababu weupe wote nimeshautumia kwenye nguo. Mwanaye alikaa kimya muda mrefu akasema, "Fundi, sijui, lakini siye." Nilirudia bure. Safari ya pili nilikunja macho nikaiangalia ile picha vizuri, kumbe kanzu upande wa kivulini ni kijivu, tena kijivu cha kutosha, nyeupe ya kweli ni ukanda tu begani mwanga wa dirisha unapoangukia, ukingo wa kofia, na mikunjo miwili ya mkononi. Kingine chote nikaacha karatasi. Nikahesabu sehemu za nyeupe kali kabisa, zilikuwa tano, ya tano ikiwa jichoni, na ni mguso mmoja wa ncha. Aliichukua hakusema kitu, akaipiga picha akaituma kwenye grupu la familia palepale.

Hapo kwenye kukunja macho, au ibadilishe picha kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe uongeze kontrasti, utaona nyeupe halisi ziko chache mno. Na picha za wateja za WhatsApp ziogope, filta za urembo zinafuta mng'ao wote wa ngozi, na flashi inaweka doa kubwa katikati ya paji ambalo halihusiani na chochote. Mimi naomba picha nyingine, wakikosa basi naamua mwenyewe mwanga unatoka wapi.

Ufanyaji wenyewe ni nyeusi yote kwanza, mpaka mwisho, nyeupe ndio ya kumaliza. Kijiti kisiwe kimoja na tishu zisiwe zilezile, tishu iliyogusa nyeusi usiipeleke kwenye nyeupe, na nawa mikono katikati, sitanii. Kijiti kikichafuka ncha kisugue kwenye msasa kidogo kinarudi cheupe, na msasa huohuo ndio wa kupata ncha kali, kisu kinakikata vipandevipande. Huku kwetu Tanga joto likipanda mkono unatoka jasho na jasho linaondoka na unga wote, weka karatasi safi chini ya kiganja. Chaki ya shule unaweza kujifunzia, ila inapukutika kwa sababu haina gundi ya maana.

Spirei sasa. Wengi tunapuliza spirei ya nywele ili kazi isichafuke, na ukishapuliza unaona nyeupe inazimika mbele ya macho yako, ulizoweka kwa kuibia zinapotea kabisa. Ni kama kanzu ikilowa mvua, fulana ya ndani inaonekana, unga mweupe ukishalowa na ile gundi mwanga unapita badala ya kurudi. Na kanzu ikikauka inarudi kuwa nyeupe ila hii hairudi, gundi imebaki humo. Kwahiyo puliza ukimaliza nyeusi, kwa mbali, mara mbili nyepesi, acha ikauke, ndio uweke nyeupe na usipulize tena. Na kama unaweza nunua fiksativu yenyewe ya wachoraji, ya nywele haikutengenezwa kwa karatasi.

Kwa vile nyeupe inabaki bila kinga, fremu iwe ya kioo sio ya plastiki, plastiki ukiifuta na kitambaa inapata ule umeme wa kunyanyua nywele na inavuta unga kutoka kwenye karatasi, nimeshaona picha imehamia kwenye plastiki kivuli kizima. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi ya pembeni ili kioo kisiguse mchoro.

Hiyo ya mama yako usiitupe bado. Tafuta raba ya kukanda, ile laini kama unga wa chapati uliokandwa, ukikosa nyama ya mkate mweupe uliyoiminya inafanya kazi, halafu usisugue, gandamiza na kunyanyua, gandamiza na kunyanyua, mpaka weupe wa mashavu utoke ubaki kivuli chake tu. Palipoingia penseli acha palivyo. Kisha ongeza nyeusi pembeni ya shavu na chini ya taya, giza zaidi ya unavyothubutu sasa hivi, maana nadhani nusu ya tatizo lako ni kwamba uliogopa kumfanya mama mweusi. Ukishafika hapo chukua kijiti, gusa mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini, na jicho moja moja. Weka picha hapa tuione kabla hujapuliza kitu.