Maswali ya Wasomaji: Biblia katika kisomeo, na mstari usioonekana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Katuba, Lubumbashi. Mwanangu aliye ng'ambo alinitumia chombo cha kusomea vitabu, na ndani yake akaniwekea Biblia ya Kiswahili na ya Kifaransa. Maandishi nimeyakuza na macho hayaniumi tena. Taabu yangu ni ibadani. Mchungaji anapotaja Habakuki 2:4, wenye Biblia za karatasi wanafungua, wanasoma na kufunga, nami bado niko katika Isaya nikigusa ukurasa baada ya ukurasa. Niliandika "Habakuki 2:4" mahali pa kutafutia, nikajibiwa kwamba hakuna kitu. Je, chombo ni kibovu au mimi ndiye sijui kukitumia?

JIBU: Mama mwalimu, chombo chako ni kizima, na ulichofanya ndicho ambacho kila mtu hukifanya siku ya kwanza. Jambo la kufahamu ni kwamba kisomeo hakijui mstari ni nini. Kwa macho yake, kitabu chote tangu Mwanzo hadi Ufunuo ni uzi mmoja mrefu wa maneno, na unapoandika "Habakuki 2:4" kinatafuta mahali ambapo herufi hizo zimeandikwa hivyo hivyo, kwa mfuatano huo huo. Mahali hapo hapapo. Mbele ya mstari wenyewe pana tarakimu 4 tu, namba ya sura iko juu zaidi, na jina la nabii liko nyuma huko mwanzoni mwa kitabu chake.

Namba hizo hazikuandikwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Mfaransa Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Zilikuwa vibao vya barabarani, vilivyopigwa ili watu wapatane mahali. Katika nakala ya skrini vibao hivyo havitoshi, kwa sababu ni lazima mtu akae chini na kufunga kiungo, yaani mahali pa kugusa panapokupeleka moja kwa moja, juu ya kila kimoja: vitabu 66 kwa Biblia ya Kiprotestanti, sura 1,189, na mistari inayozidi 31,000. Watayarishaji wengine wamefunga viungo hadi kwenye mstari, wengine wameishia kwenye sura, na wapo waliotaja majina ya vitabu tu kisha wakaenda zao. Kwa hiyo kasi unayoitafuta inatoka zaidi kwa aliyeitayarisha nakala kuliko kwa aliyekitengeneza chombo, ingawa dukani watakusifia chombo.

Basi tuifuate njia ya yaliyomo, ambayo ndiyo ya kutumia ibadani. Gusa sehemu ya juu ya skrini ili menyu ijitokeze, kisha uchague yaliyomo. Itakuja orodha ya vitabu; katika nakala nzuri vitabu vyote hukaa katika kurasa mbili au tatu. Gusa Habakuki. Hapo skrini ya wino wa kielektroniki itapepesa nyeusi mara moja, kama mtu anayefumba jicho, kisha zitatokea namba 1, 2 na 3, maana kitabu hicho kina sura tatu tu. Gusa 2, na mstari wa 4 utauona papo hapo au ukurasa unaofuata. Nimejaribu mara kadhaa nikiwa nimeketi barazani: ni kugusa mara nne au tano, na wenye karatasi ambao hawakumbuki kama Habakuki yuko kabla ya Sefania au baada yake nimewapita. Ikiwa nakala yako haina safu hiyo ya namba za sura, usiendelee kuilaumu mikono yako. Tafuta nakala nyingine.

Penye sura ndefu pana ujanja mdogo. Zaburi 119 ina mistari 176, na ukiwa umekuza maandishi kama ulivyofanya, itachukua kurasa nyingi. Ukiambiwa ufungue mstari wa 165, ingia Zaburi 120 halafu urudi nyuma kurasa chache. Vitabu vyenye sura moja, yaani Obadia, Filemoni, Yuda na nyaraka mbili za mwisho za Yohana, aghalabu havina safu ya namba hata kidogo, bali ukigusa jina unaingia moja kwa moja. Na usikariri namba za kurasa, kwa kuwa kurasa za skrini huongezeka na kupungua kila unapobadilisha ukubwa wa herufi.

Mahali pa kutafutia pana kazi yake, ila pana masharti ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuyajua. Katika visomeo vingi, neno hutafutwa kama lilivyo au kuanzia mwanzo wake. Utaratibu huo unawafaa watu ambao maneno yao hubadilika mkiani. Ya kwetu hubadilika kichwani. Ukiandika "penda" unaweza kukosa "aliupenda", "akampenda" na "tupendane", ambayo ndiyo yaliyojaa katika Maandiko. Hata majina ya vitu hayasalimiki. Andika "mkuyu" na utaletewa Zakayo juu ya mti wake katika Luka 19, lakini Amosi aliyetunza "mikuyu" hutamwona, kwa sababu mti mmoja na miti mingi, kwa chombo, ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa hiyo tafuta kwa jina la mtu au la mahali, au kwa neno adimu ulikumbukalo katika umbo lake lile lile. Na kumbuka kutumia maneno ya tafsiri iliyo ndani ya chombo: aliyekariri Biblia ya Union ya mwaka 1952 na kununua tafsiri mpya atatafuta maneno ambayo mfasiri mpya hakuyaandika.

Ukishapakia Biblia mpya, ipe saa kadhaa kabla ya kuitafutia neno, tena chombo kikiwa kwenye chaji, kwa sababu kitabu kikubwa kama hicho huchukua muda kuorodheshwa neno kwa neno, na kazi hiyo hula betri.

Nisijifanye nimezaliwa nikiyajua haya. Mwaka wangu wa kwanza na kisomeo niliombwa kusoma 1 Wathesalonike 4:13 katika matanga ya jirani. Nikaandika "Wathesalonike", yakatokea majibu mengi kutoka utangulizi na maelezo ya chini, nikayafuata moja moja huku familia ikiningoja, hadi mzee mmoja aliyekaa karibu nami akanipa Biblia yake iliyokwisha funguliwa, bila neno. Tangu siku hiyo, nikijua nitasoma, ninatangulia kuweka alama: ninaufungua ukurasa nyumbani, ninagusa pembe ya juu kulia, na alama inabaki hapo hata chombo kikizimwa. Kwa masomo ya Jumapili, mama, weka alama zako Jumamosi jioni na ufute za wiki iliyopita, maana alama hamsini zilizorundikana ni sawa na kutokuwa na alama.

Kabla ya kununua nakala nyingine, omba sampuli ya bure, ambayo maduka mengi ya vitabu vya kielektroniki huitoa. Humo utauona mwanzo wa kitabu pamoja na yaliyomo. Gusa Mwanzo, uone kama sura zake 50 zimepangwa kwa namba. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja.

SWALI: Umeme ukikatika siku mbili hapa Ruashi, simu yangu huzimika na Biblia inazimika nayo. Je, kisomeo kitanisaidia, na kitanilia mega za intaneti?

JIBU: Kitakusaidia. Skrini ya wino wa kielektroniki hutumia umeme hasa pale ukurasa unapobadilika, kwa hiyo chaji moja huweza kudumu wiki kadhaa badala ya siku moja. Intaneti utaihitaji wakati wa kupakia kitabu tu. Baada ya hapo zima mawasiliano, na betri itadumu zaidi. Taa ya ndani ndiyo ya kuchunga, usiiache juu kabisa.

SWALI: Mimi ni kijana wa kwaya, Kamalondo. Ibada yetu ni ya lugha mbili. Kiongozi alitangaza Zaburi 51:10, nikasoma kwa Kiswahili "uniumbie moyo safi", lakini mwenzangu mwenye Biblia ya Kifaransa ya Segond katika kisomeo hicho hicho akasoma maneno mengine kabisa. Viungo vimeharibika?

JIBU: Havijaharibika. Zaburi nyingi zina maneno ya kichwa yanayotaja mtungaji au tukio, kama yale yanayomtaja nabii Nathani mwanzoni mwa Zaburi 51. Biblia ya Union haiyahesabu kuwa mistari, lakini Segond, ikifuata hesabu ya Kiebrania, huyahesabu. Katika Zaburi 51 kichwa hicho kinachukua mistari miwili mizima, na ndiyo sababu moyo safi uko mstari wa 10 kwa Kiswahili na wa 12 kwa Kifaransa. Nakala nyingine za skrini huandika namba zote mbili, moja ikiwa katika mabano, na hizo ndizo zinazofaa kwa kwaya kama yenu.

Tofauti haiko kila mahali, wala si ya mistari miwili siku zote. Katika Zaburi 3 ni mstari mmoja. Katika Zaburi 23 hakuna tofauti, kwa kuwa kichwa ni kifupi na kimeunganishwa na mstari wa kwanza. Ushauri wangu ni kwamba kiongozi atangaze namba ya Kiswahili pamoja na maneno mawili matatu ya kwanza ya mstari, na msomaji wa Kifaransa awe ameuweka alama mapema nyumbani. Mkitaka kufanya mazoezi ya kufungua pamoja bila kugombana, anzeni na Zaburi 117: haina kichwa, na ina mistari miwili tu.